Maiti wa Tatu Kutoka Kushoto

Mashine nambari nne imeharibika tena,
kwa hiyo tunangoja, sisi watatu na Gord,
chini kabisa ya jengo letu la Mtaa wa Barton, Hamilton,
theluji imeziba vidirisha vilivyo usawa wa barabara,
na ubishi umeshaanza kabla sijamimina sabuni:
katika filamu zote za Haskett, ipi mbovu kupita zote?

Hakuna hapa asiyemheshimu Haskett.
Sikujua bado huwasha taa ya choo kwa mpini wa ufagio
tangu aione ile ya kwanza, ya kabati linaloita majina.
Byamungu, asiyetishwa na daktari wa meno
wala barua ya uhamiaji, alilala wiki nzima na viatu.
Lakini mgema, ndugu zangu, mgema akisifiwa...

"Ile ya bata bukini," Sikujua anafungua kesi.
"Bata! Hawa hawa wanaokunya ufukweni mwa ziwa!
Eti wanamla padri. Mbawa za karatasi,
na uzi unaonekana kama kamba ya kuanikia."
Byamungu hakubali. Bata walau walikuwa na nia.
Mbovu ni ile ya wigi:
saa moja na dakika hamsini
wigi linapanda ngazi, kidato kwa kidato,
na watu wazima, wenye miguu, wanalisubiri lifike juu.

Gord anachekea kikapu chake cha soksi.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa tanuru;
hukumu yake huja kama chuma kinavyopoa.
"Zote mbili afadhali. Mmesahau ile ya kiwandani."

Kimya. Nguo zinazunguka.
Hakuna aliyesahau ile ya kiwandani.

"Maiti kumi na wawili sakafuni," Sikujua anadaka,
"mpelelezi anapita na tochi, muziki unakaza,
na wa tatu kutoka kushoto, siku moja isimamisheni picha mtazame,
anapumua!
Mvuke unamtoka puani kama birika!
Na Haskett ana macho. Ameuona. Ameuacha.
Hapo ndipo ufundi wake ulipozikwa."

Wanacheka mpaka mbavu zinawauma.
Byamungu anapanda meza ya kukunjia, analala chali,
ulimi nje, anavuta pumzi kama mwenye pumu.

Mimi nakunja shuka. Nalikunjua. Nalikunja tena.

Ilikuwa Februari, wiki yangu ya tatu nchini.
Dola themanini na tano, na supu.
Maiti haulizwi sanda; nilipewa nailoni.
Saruji ilikuwa imeweka akiba
baridi yote ya tangu kiwanda kifungwe.
Nilijitahidi. Nilihesabu kimoyomoyo
kama tulivyokuwa tukipiga mbizi Kibirizi, mimi na Hamdani,
na kwenye arubaini na moja kifua kikaniasi.

Haskett alikuja mwenyewe, kazee kafupi, mafua yamemkamata.
Nikajua nafukuzwa. Akanifunika koti lake,
akasema maneno mawili matatu, akaondoka.
Tangu nijue Kiingereza nimezigeuzageuza sauti zile:
pengine alisema, "Tutarudia."
Pengine alisema, "Iache hivyo hivyo."
Hatukurudia.
Buti hizi nilizovaa ndizo zile dola.

"Na wewe, Nestori? Umenyamaza. Ipi?"

Nasema ya wigi.
Nasema wigi halikuwa hata na sababu ya kwenda ghorofani.
Byamungu anarusha ngumi hewani, amepata kura.

Kisha mashine inasimama, na katika ule utulivu
nasikia mdomo wangu ukiongeza:
"Ila yule maiti, labda alisikia baridi."

Gord ananitazama.
Ananitazama kifuani, kitambo kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.
"Kule ndani," anasema, "hata Julai kulikuwa na baridi, tanuru likizimwa."
Halafu anachakura kikapuni,
ananipa soksi yangu moja
iliyokuwa imelala katikati ya zake.